Sahani Nyeupe Pee: Kutafuta Kosa Unapopima Vimelea vya Maji

Miaka michache iliyopita maabara yetu hapa Dar es Salaam ilikaa karibu wiki tatu bila kuona koloni (kidoa cha bakteria walioota) hata moja ya E. coli, bakteria wa kinyesi. Maji ya bomba, maji ya maboza, simtanki za mashule, hata kisima kimoja cha Mbagala ambacho choo cha jirani kiko hatua chache tu kutoka mdomoni mwake: sahani zote nyeupe pee. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo alikuwa akifungua inkyubeta (kabati la joto la kuoteshea) asubuhi na kutangaza kwa furaha, "Dada, leo tena zote safi." Kontroli chanya, yaani sahani tunayoipanda bakteria kwa makusudi, ilikuwa inaota vizuri. Blanki, zile za maji yaliyotakaswa, hazikuwa na kitu. Ukisoma rejista, tulikuwa maabara ya mfano.

Kosa lilikuwa kwenye faneli. Kijana alikuwa akiimwagia spiriti, anaiwasha, na moto ukizimika tu anamimina sampuli hapo hapo, chuma kikiwa bado kinaunguza. Bakteria waliokuwemo walikuwa wanapikwa kabla hawajatulia kwenye membreni (kichujio chembamba kinachowanasa), na waliosalimika walifika wamedhoofika kiasi cha kushindwa kuota. Na kontroli je? Kontroli hatukuwa tunaipitisha kwenye faneli. Tulikuwa tunaisambaza moja kwa moja juu ya aga, ile jeli ya chakula cha bakteria, kwa kijiti cha kioo. Ilitushuhudia kwamba aga ni nzima na inkyubeta ni nzima, na yote hayo yalikuwa kweli, ila kuhusu mahali palipokuwa na ugonjwa haikuwa na la kusema. Kontroli isiyopita njia ya sampuli ni shahidi aliyekuwa safarini siku ya tukio.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila tatizo ni lile lile: kontroli ilipita wapi? Nitalirudia humu zaidi ya mara moja.

Ninayoyaeleza yanahusu zaidi uchujaji kwa membreni: ml 100 za maji zinapitishwa kwenye membreni yenye vitundu vya mikromita 0.45, membreni inalazwa juu ya aga ya kromojeni (inayozipa koloni rangi kulingana na aina ya bakteria), inakaa nyuzi joto 36 kwa saa 18 hadi 24. Koloni za E. coli hutoka bluu iliyoiva hadi zambarau, koliformi nyingine, yaani bakteria wengine wa kundi lake, hutoka pinki hadi nyekundu. Huo ndio utaratibu wa kiwango cha kimataifa ISO 9308-1. Kiwango chetu cha maji ya kunywa, TZS 789, na mwongozo wa WHO vyote havitaki E. coli hata mmoja katika ml 100. Kwa hiyo namba ambayo mteja anaiombea dua ni sifuri, na sifuri ndiyo namba rahisi kuliko zote kuipata kwa makosa.

Kabla hujagusa chochote

Blanki ikiota, mkono unakimbilia pipa la taka. Uzuie. Ipige picha sahani, andika namba yake, iweke kwenye friji mpaka mjue uchafu umetoka wapi, maana ushahidi mwingine hamna. Na uwe na mpangilio wa kusoma: blanki kwanza, kontroli zifuate, sampuli za wateja mwisho. Ukianza na sampuli utakuwa umeshaamini jambo fulani kichwani, na blanki iliyoota utaitafutia udhuru.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Nimeona watu wakibadilisha aga, membreni na maji ya kusuuzia siku moja. Tatizo liliisha, hakuna aliyejua lilikuwa wapi, mwezi uliofuata likarudi.

Blanki imeota

Blanki ya uchujaji ni ml 100 za bafa (maji yenye chumvi yasiyodhuru bakteria) iliyotakaswa zinazopita kwenye faneli kama sampuli. Weka moja mwanzo wa kazi, moja kila baada ya sampuli kumi, moja mwisho. Ukiwa na moja tu utajua kuna uchafu, ila hutajua umeingia saa ngapi.

Ya mwanzo ikiwa safi na ya katikati ikaota, uchafu umehama kutoka sampuli moja kwenda nyingine. Tazama kwenye orodha ni sampuli gani iliitangulia. Mara nyingi utakuta ni kisima kifupi au maji ya mto, na koloni ni za rangi ile ile. Anza kazi na maji unayotarajia yawe safi, malizia na machafu, na usuuze kuta za faneli mara mbili au tatu kwa ml 20 hadi 30 za bafa kabla ya kunyanyua membreni. Matokeo chanya ya sampuli zilizopita baada ya blanki safi ya mwisho hayaaminiki tena. Yaliyo hasi, kwa kosa hili peke yake, bado yanasimama; uchafu wa kuhama huongeza koloni, hauziondoi.

Zikiota zote tatu, tena koloni za sura moja, mshukiwa ni kitu kinachotumika kila mara: maji ya kusuuzia, pakiti ya membreni, kibano au aga yenyewe. Hapo ndipo inapofaa ile sahani moja ya kila mkupuo wa aga inayoingia inkyubeta tupu, bila kuwekewa chochote. Nayo ikiota, angalia koloni zimekaa wapi. Zilizozama ndani ya aga zilimiminwa pamoja nayo. Zilizo juu ya uso zilidondoka baadaye, kutoka hewani au mikononi.

Kwetu iliwahi kuwa maji ya kusuuzia. Tulikuwa na chupa ya lita mbili iliyokuwa ikifunguliwa asubuhi, inafungwa jioni, kesho yake inaendelea. Kwa joto la Dar, chupa iliyochafuka kidogo jana leo ni bustani. Tulihamia kwenye chupa ndogo, kila inayofunguliwa inaisha siku hiyo au inamwagwa. Anayeosha vyombo alinuna wiki nzima, blanki zikarudi kuwa safi.

Chupa mpya nazo zikiota, nenda kwenye otoklevu, mtambo wa kutakasa kwa mvuke wa shinikizo. Ule utepe unaobadilika rangi unakwambia mzigo umepata moto, basi. Haukwambii kama nyuzi 121 zilikaa dakika 15 katikati ya chupa. Chupa kubwa huchelewa kushika joto, na hewa iliyonaswa ndani huufanya mshale wa shinikizo uonekane uko sawa wakati joto liko chini. (Sisi wa pwani tuna nafuu: tuko usawa wa bahari, pauni 15 za shinikizo zinaendana na nyuzi 121 kama vitabu vinavyosema. Wenzetu wa Arusha na Mbeya inabidi wafidie mwinuko.) Kipimo kinachoaminika ni spora za Geobacillus stearothermophilus. Zitie katikati ya mzigo mkubwa mnaoutumia kwa kawaida, si kwenye otoklevu tupu, kisha ziotesheni kati ya nyuzi 55 na 60. Pembeni weka kichupa ambacho hakikuingia kabisa, kithibitishe kwamba spora zilikuwa hai.

Halafu kuna hewa. Acha wazi sahani ya aga ya kawaida mezani kwa dakika 15, ifunike, iotesheni. Zikitoka zaidi ya koloni 15, chumba kina shida. Na tusidanganyane, mwezi wa pili hakuna mtu Dar anayetaka kuzima feni ya dari. Zimeni. Nusu saa ya kuchuja huku jasho likitiririka ni afadhali kuliko siku nzima ya kurudia kazi. Kama kiyoyozi kipo, upepo wake usielekezwe kwenye meza ya kuchujia, na vichujio vyake vioshwe kwa ratiba.

Kontroli chanya imeota kidogo, au imegoma kabisa

Ulitarajia koloni 30, umepata 5. Usikimbilie kulaumu aga. Chukua dozi ile ile (kiasi cha bakteria unachopanda) uiweke pia kwenye aga ya kawaida isiyobagua bakteria. Zikiwa chache pande zote mbili, kosa ni la dozi au la bakteria wenyewe. Zikiota vizuri kwenye aga ya kawaida na chache kwenye ya kromojeni, aga ya kromojeni ndiyo mgonjwa. Kwa aga inayobagua, ISO 11133 inataka angalau nusu: ukipata 40 kwenye ya kawaida na 26 kwenye ya kromojeni, uwiano ni 0.65, inapita. Ukipata 12, ni 0.3, mkupuo huo hautumiki.

Kwenye dozi, hesabu inayokosewa ni ya kuzimua. Ukungu wa McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa kutazama ukungu wa maji) ni takriban bakteria milioni 150 kwa ml. Zimua mara kumi, rudia mpaka mara sita, utabaki na kama 150 kwa ml; ml 0.2 zitakupa 30. Tumia bafa ya fosfeti au maji ya peptoni, usitumie maji matupu yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, na usiache dozi ikae zaidi ya nusu saa. Tatizo jingine ni uzee. Bakteria wa rejea, mfano E. coli ATCC 25922, wasihamishwe kutoka sahani hadi sahani zaidi ya vizazi vitano tangu kile kichupa cha asili. Niliwahi kukuta maabara moja ikitumia "E. coli wa tangu zamani" ambaye hakuna aliyekumbuka alianza lini. Alikuwa ameshageuka nusu yake pinki.

Kwa aga, Dar ina adui wake, nao ni unyevu. Kopo la unga wa midia (wa kutengenezea aga) likifunguliwa mara kwa mara kwenye chumba chenye jasho la pwani, unga hushikamana na kuwa madonge. Donge limebeba maji, kwa hiyo gramu unazopima si gramu za unga, na aga inatoka dhaifu. Andika kwenye kopo tarehe ya kufunguliwa, lihifadhi mahali pakavu pamoja na silika jeli, nunua makopo madogo hata kama kwa gramu yana bei zaidi. Unga uliobadilika rangi au kuwa jiwe, tupa. Ndiyo, ni ghali.

Kosa la pili ni moto. Aga ya kromojeni kwa kawaida haiingii kwenye otoklevu. Inayeyushwa kwa mvuke au maji yanayochemka, na maelekezo ya mtengenezaji yapo kwenye kopo. Ikishayeyuka, ikae nyuzi 45 hadi 50 kwa saa chache tu, na iliyoganda isiyeyushwe tena kwa ajili ya kuokoa. Kosa la tatu halionekani kwa macho: sabuni iliyobaki kwenye vyombo. Weka tone la bromothaimoli bluu kwenye glasi iliyooshwa. Ikionyesha bluu, kuna alkali ya sabuni, rudieni kusuuza.

Kontroli moja haitoshi. E. coli akuoneshe bluu, Klebsiella aerogenes akuoneshe pinki, Enterococcus faecalis asiote kabisa. Kama Enterococcus anaota, aga imepoteza uwezo wake wa kubagua, hata kama E. coli anapendeza.

Sifuri kila mahali

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa, kwa sababu haipigi kelele. Koloni nyingi humkera mteja, atapiga simu, atabisha, mtarudia. Sifuri inapokelewa kwa shukrani. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, kila mtu alitaka kuambiwa kisima chake ni salama. Wakati kama huo sifuri ya uongo inampa mtu ruhusa ya kunywa.

Fuata njia ya maji kuanzia bombani, uulize kila kituo kama kinaweza kuua.

Kituo cha kwanza ni chupa ya sampuli. Maji ya bomba yana klorini, na ikiachwa kwenye chupa itaendelea kuua njia nzima mpaka maabara. Ndiyo maana chupa hutiwa sodiamu thaiosalfeti kabla ya kutakaswa: ml 0.1 za myeyusho wa asilimia 3 katika chupa ya ml 120 huzima klorini mpaka mg 5 kwa lita. Maji ya bomba ya kawaida hayafiki huko. Lakini kisima kilichotoka kutiwa dawa, au simtanki ambalo mwenye nyumba amemimina klorini kwa makadirio ya jicho kwa sababu amesikia wapimaji wanakuja, linapita hapo kwa mbali. Wakati sampuli inapofika, toa kidogo kwenye chombo kingine upime klorini kwa kidonge cha DPD. Ikiwa pinki, thaiosalfeti imezidiwa, sampuli haifai. Andika hivyo, omba nyingine.

Wachukuaji sampuli wenye nia njema ndio wanaoharibu zaidi hapa. Mama alimfundisha asuuze chupa kabla ya kuteka maji, naye anasuuza. Thaiosalfeti yote inabaki mchangani. Au anajaza mpaka inafurika. Mwambie, na umwandikie kwenye kibandiko cha chupa: usisuuze, usifurishe, acha nafasi ya vidole viwili juu ili tuweze kutikisa.

Kituo cha pili ni safari. Sampuli ikae gizani, kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, upimaji uanze ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Saa 6 kwa karatasi ni nyingi. Kwa mtu aliyeko Chanika saa nne asubuhi na bado ana vituo vitatu kabla ya kuvuka Ubungo, au anayesubiri pantoni Kigamboni, zinakwisha upesi. Deli la barafu lisiwe na maji yaliyoyeyuka yakifunika vifuniko, kwa sababu maji hayo ni machafu na hupenya. Pakiti za barafu ndani ya mfuko na chupa zikiwa zimesimama ndiyo salama. Ongeza chupa moja ya maji ya kawaida ndani ya deli kwa ajili ya kupima joto ikifika. Sampuli iliyopata joto inaweza kukudanganya kwa pande zote mbili, wengine wanazaliana na wengine wanakufa, hivyo huwezi kusahihisha kwa kukisia.

Kituo cha tatu ni faneli, ambayo nimeshaisimulia. Baada ya moto, isubiri ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono wenye glavu, kisha pitisha bafa kidogo kabla ya sampuli. Anayetakasa faneli kwa mwanga wa urujuanimno badala ya moto azihesabu zile dakika mbili kwa saa, si kwa hisia.

Cha nne ni membreni yenyewe. Ikilazwa kwa pupa hewa hubaki chini yake, na juu ya pale penye povu hakioti kitu, kwa kuwa chakula hakipandi. Utaona kiraka kikavu. Inyanyue upande mmoja uilaze upya kwa kuikunjua taratibu.

Ukishapita vituo vyote bila kumkamata mtu, pandikiza. Chukua ml 100 za maji ya kisima hicho hicho, tia dozi ya E. coli 30, chukua ml 100 za bafa, tia dozi ile ile, zote zipite njia nzima, kuanzia chupa yenye thaiosalfeti. Zikiota kwenye bafa na zisiote kwenye maji ya kisima, maji yana kitu kinachoua au kinachozuia. Zisipoota popote, njia yenu ndiyo inayoua. Jaribio hili la siku moja ndilo lingetuokoa zile wiki tatu. Sasa tunalifanya kila Jumatatu, kwa sampuli tunayoiokota bila kuchagua.

Koloni zipo, rangi haieleweki

Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na pamoja na chumvi huja jamaa wengine wa majini kama Aeromonas, ambao wanaweza kuvaa nguo za koliformi. Kwa koloni za pinki zenye mashaka fanya kipimo cha oksidesi: koliformi ni hasi, Aeromonas ni chanya. Koloni ihamishiwe kwanza kwenye aga ya kawaida, na itwaliwe kwa kijiti cha mbao au plastiki. Waya wa nikromu wenyewe unaweza kutoa rangi ya zambarau ukakutia mkenge. Soma ndani ya sekunde chache. Baada ya hapo karibu kila kitu kinageuka zambarau.

Kwa bluu, kumbuka upande wa pili: kuna E. coli wasiogeuka bluu kwa kuwa hawana kimeng'enya cha beta-glukuronidesi, O157:H7 akiwa ndiye anayejulikana zaidi. Kipimo cha E. coli ni cha kuonyesha dalili ya kinyesi. Asiyeota bluu hajatoa cheti cha afya kwa bakteria wote.

Koloni zikisambaa kama ramani, mara nyingi ni maji. Sahani zilizotolewa kwenye friji na kutumiwa papo hapo hutokwa jasho, tone linadondoka, koloni inaogelea. Zitoe mapema, zikaushe vifuniko vikiwa vimeachama kidogo mahali safi, na kwenye inkyubeta zikae kifudifudi. Sahani ikiwa imejaa mpaka huwezi kuhesabu, usikadirie kwa robo ya duara. Koloni 20 hadi 80 kwa membreni ndizo zinazohesabika vizuri. Rudia kwa ml 10 au ml 1, ukiongezea bafa ili bakteria watawanyike sawasawa.

Nakala mbili zinapingana

Sampuli moja, sahani mbili, moja ina 12 na nyingine 20. Kijana ameshaanza kuandika ripoti ya kosa. Subiri. Bakteria hawajipangi sawa kwenye maji kama sukari kwenye chai iliyokorogwa. Jumlisha hesabu mbili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili: 12 na 20 ni 32, kipeuo chake kama 5.7, mara mbili ni 11.3. Tofauti ni 8, iko ndani, hakuna kosa. Lakini 10 na 40? Jumla 50, kipeuo 7.07, mara mbili ni 14, tofauti ni 30. Hapo kuna tatizo, na ninalolikuta zaidi ni chupa ambayo haikutikiswa kabla ya kumimina nakala ya pili.

Watu wawili wakihesabu sahani moja wakatofautiana, hilo si suala la bakteria. Wakae pamoja wahesabu tena kwenye mwanga mzuri.

Joto, na umeme wetu

Inkyubeta ya kawaida inajua kupasha, haijui kupoza. Inahitaji chumba kiwe baridi kuliko yenyewe kwa nyuzi kadhaa. Chumba kikifika nyuzi 33 mchana wa Januari, inkyubeta ya nyuzi 36 inayumba, hasa ikiwa karibu na dirisha la magharibi. Na ile hesabu ya bakteria wa jumla kwa nyuzi 22 isahau kabisa bila inkyubeta yenye mtambo wa kupoza. Nimeshaona matokeo ya "nyuzi 22" yaliyooteshwa kwenye chumba kisicho na hata kiyoyozi.

Kioo cha mbele cha inkyubeta kinasoma pale tu penye kihisi chake. Weka vipimajoto kwenye rafu ya juu, ya kati na ya chini, ncha zake zikiwa ndani ya kichupa cha maji au gliserini, na angalau kimoja kiwe kimelinganishwa na kipimajoto cha rejea chenye cheti. Shirika la Viwango (TBS) wana maabara ya vipimo kwa kazi hiyo. Sahani zisirundikwe zaidi ya sita, zile za katikati huchelewa kupata joto. Anayepima koliformi za kinyesi kwa nyuzi 44.5 ana nafasi ya nyuzi 0.2 tu juu au chini, na inkyubeta ya hewa haiwezi kuishikilia. Atumie bafu la maji, sahani zikiwa kwenye mifuko isiyopitisha maji.

Umeme ukikatika usiku, asubuhi inkyubeta inasoma 36 kama kawaida na hakuna anayejua kwamba kati ya saa saba na saa kumi na moja ilikuwa 29. Kinasa joto kidogo kinachoandika kila dakika kumi kinamaliza ubishi. Sheria tuliyojiwekea: chini ya nyuzi 34 kwa zaidi ya saa moja, mkupuo wote unarudiwa. Kwa kipimo cha nyuzi 44.5 hatuna msamaha, kwa sababu joto ndilo linalobagua. Likishuka, koliformi zisizo za kinyesi nazo zinaota na matokeo yanageuka chanya ya uongo. Jenereta ipo, ila ijaribiwe kila wiki ikiwa imebeba mzigo. Yetu ilikuwa inawaka vizuri sana bila mzigo.

Masika imeingia, membreni imeziba

Kati ya Machi na Mei maji ya mto na ya visima vifupi yanakuja na tope. Ml 100 zinachukua nusu saa kupita, au hazipiti. Gawa: ml 50 kwenye membreni mbili, au 25 kwenye nne, ujumlishe. Kinachobaki juu ya membreni kikiwa ni tabaka la udongo, koloni hujificha ndani yake na rangi hazisomeki. Hapo achana na membreni, tumia mirija mingi ya brothi, yaani hesabu ya MPN, inayokadiria idadi ya bakteria kwa kuangalia mirija mingapi imeota. Nayo ina dalili zake. Kabla ya kutia sampuli kagua kila kijimrija cha Durham (kile cha ndani kinachonasa gesi ya bakteria) kisiwe na povu, vinginevyo utasoma gesi ambayo haikuzalishwa na mtu. Na ukipata mpangilio wa ajabu, mfano mirija ya ml 10 yote hasi huku ya ml 0.1 ikiwa minne chanya, usiende kwenye jedwali kutafuta namba. Kuna mtu kabadilisha vibandiko au kazimua vibaya.

Kosa likiwa limeshatoka mlangoni

Chati ya kontroli husaidia lisifike huko. Chukua hesabu za kontroli zisizopungua 20, zigeuze kuwa logi, tafuta wastani na mtawanyiko, chora mistari ya tahadhari kwenye mitawanyiko miwili na ya kusimamisha kazi kwenye mitatu. Angalia pia mwelekeo: hesabu saba mfululizo chini ya wastani zinasema jambo hata kama hakuna iliyovuka mstari.

Lakini ripoti ikiwa imeshatoka, tafuta kwenye rejista siku ya mwisho ambayo njia nzima ilithibitishwa kuwa nzima. Kila kilichofuata baada ya siku hiyo kiko mashakani. Futa kwa mstari mmoja unaosomeka, weka tarehe na saini fupi, usitumie wino mweupe. Toa ripoti mpya inayotaja namba ya ile inayofutwa, na kwenye matokeo andika "haikugundulika katika ml 100", usiandike "salama".

Baada ya ile habari ya faneli tuligawana orodha ya wateja na simu mbili za ofisi. Wengi walitusikiliza, wachache walitutukana, mmoja alitaka arudishiwe hela na akarudishiwa. Mwenye kisima cha Mbagala alisema hana haja ya kupimwa tena, karatasi yetu ameshaibandika ukutani kwa ajili ya wapangaji. Tulikwenda siku ile ile, tukateka upya, kesho yake asubuhi sahani ilikuwa imejaa bluu. Alasiri kijana alirudi Mbagala na ripoti mpya mkononi, akaomba ngazi, akaibandua ile ya zamani mwenyewe.